Tusinunue Kinanda, Tutafute Fidla

Tangu muhula uliopita wanachama wa Chama cha Kiswahili wamekuwa wakibishana juu ya taarab tutakayoimba Siku ya Wazazi. Wengi wanataka pesa za chama zinunue kinanda cha umeme. Eti kinanda kimoja chatosha kuwa bendi nzima! Mimi napinga, na sababu ninazo.

Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kati ya 1870 na 1888, ndiye aliyeuleta muziki huu kutoka Misri. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Akhwan Safaa, ambacho kipo hata leo. Sasa tazama ala za taarab ya Unguja: udi, kanuni na nai za Waarabu zimekaa pamoja na fidla, selo na besi kubwa la kusimama nalo, ndizo zile zile za okestra za Ulaya zinazopiga muziki wa Mozart. Huko Misri kwenyewe, mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo mwaka wa 1932 ulizozana sana juu ya piano, lakini fidla ilikuwa imeshakuwa mwana wa nyumbani.

Kwa nini fidla ikubaliwe na piano itiliwe shaka? Muziki wa Kiarabu una sauti zinazoangukia katikati ya vibonye viwili vya piano. Fidla haina vigawanyo shingoni, kwa hivyo kidole hukaa popote mpigaji atakapo. Kinanda ukikibonyeza ni sauti hiyo tu, basi. Najua viko vya bei ghali vinavyoweza kurekebishwa, lakini tulichoonyeshwa dukani si cha namna hiyo. Najua pia taarab ya kisasa hupigwa kwa kinanda na watu hucheza mpaka che. Sisemi ni mbaya, ila sisi tulikubaliana kuimba ile ya zamani.

Fidla tutaitoa wapi? Kuna waliocheka nilipouliza. Jamani, Korogocho ni mbali? Tangu 2008 mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha vijana wa huko muziki wa okestra. Humu humu shuleni mna wawili wanaopiga fidla, na chama chetu hakijawahi kuwaomba hata wimbo mmoja!

Rafiki yangu wa Kidato cha Nne asema fidla ni ya Wazungu, taarab ni ya harusi za Mombasa, sisi wa Dandora na Kayole havituhusu. Na Pumwani je? Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani pale tangu miaka ya 1920, na Pumwani ni Eastlands vile vile.

Hao wawili wameniambia wako tayari. Inabidi walegeze nyuzi mbili nyembamba, kama wafanyavyo Waarabu, na wapate mtu wa kuwafundisha makamu. Pale Pumwani kuna mzee apigaye udi. Pesa za kinanda zaweza kumlipia nauli kila Jumamosi, na chenji ibaki. Kura itapigwa mwanzo wa muhula ujao.