Matembezi ya Gari Yapimwe kwa Marhala

Likizo ya Desemba ikikaribia, watu wetu wa mwambao waliojaaliwa gari, au uwezo wa kukodi, hukaa barazani wakapanga matembezi ya ng'ambo ya mpaka. Jambo hilo ni jema, wala sina nia ya kumkataza mtu. Linalonikera ni ile karatasi ya ratiba. Nimezisoma kadhaa, na aghalabu huwa zimeandikwa na mtu mwenye pupa.

Chukua hii moja ya siku saba. Mombasa hadi Moshi kwa njia ya Voi na Taveta. Kisha Arusha, Ngorongoro, Dodoma, Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga. Halafu nyumbani kwa njia ya Horohoro. Jumla ni kama kilomita 2,000. Mwenye ratiba amezigawa kwa saba, akapata kama 300 kwa siku, akaona ni mchezo: saa nne za barabarani, basi. Hiyo ni hesabu ya gari lisilo na watu ndani.

Hebu tuihesabu upya. Alfajiri imesaliwa, watoto wamestaftahi, mabegi yamefungwa. Gari laondoka saa moja na nusu. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa barabarani wa Tanzania hawalali katika jambo hilo. Malori yamekaa mbele kama ukuta. Bibi ataka kunyoosha miguu, mtoto ataka choo, gari lataka mafuta. Mpakani kuna karatasi za gari, bima na mihuri. Kilomita zile 300 zala saa saba au nane, na jua letu, mwaka mzima, hutua kiasi cha saa kumi na mbili na nusu. Zilizobaki ni saa tatu nne, na ndani yake mtafute chumba na chakula cha halali. Mji mtautazama saa ngapi? Kesho asubuhi mabegi yafungwe tena. Na anayeyafunga si yule aliyeandika ratiba. Ni mama watoto, ambaye naye aliambiwa kuwa yuko likizoni.

Baya zaidi ni kwamba ratiba ya namna hii haina nafasi ya pancha. Likitokea la kutokea, dereva hufidia usiku, naye amechoka, akipishana na malori yenye taa kali. Waliozikwa kwa sababu ya usiku wa namna hiyo twawajua sote.

Sisi tunacho kipimo chetu. Katika madhehebu ya Shafi, safari impayo mtu ruhusa ya kupunguza sala ni marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa mnyama aliyebeba mzigo; kwa kilomita, huhesabiwa kuwa themanini na kitu. Marhala si urefu peke yake. Ni mwendo pamoja na kituo chake: kushuka, kula, kusali, kumpumzisha mnyama. Tena anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huondokewa na hukumu ya msafiri, akasali sala zake timamu. Sheria yajua tofauti ya mpita njia na aliyekaa. Mtu wa ratiba ile hulala miji sita, na yote aipita njia.

Misafara ya pwani katika karne ya 19 ilikwenda maili kumi hadi kumi na tano kwa siku. Peter Cameron Scott na wenziwe wa Africa Inland Mission walishuka Mombasa Oktoba 1895, na Desemba ndipo walipofungua kituo chao cha kwanza huko Nzaui, Ukambani. Siwaombi watu watembee miezi miwili. Ila mlima huo wa Nzaui ungaliko, na chini yake pana mji wa Matiliku, ambao sisi wa Mombasa twaupita kila mwaka bila ya kujua kuwa upo. Mzee mmoja wa pale alinitania, "Nyinyi watu wa pwani mnaijua Emali kwa choo tu." Nilikosa jibu. Mbele kidogo ya Emali pana Sultan Hamud, mji wenye jina la sultani wa Unguja aliyetawala 1896 hadi 1902, na hata huko hatushuki.

Kwa siku hizo hizo saba, mimi ningechora hivi. Siku ya kwanza Moshi, na mkae usiku nne hapo hapo. Marangu i karibu, na mlima Kilimanjaro haujionyeshi kwa mwenye haraka, hujifunika mawingu. Siku ya tano rudini kwa Tarakea na Loitokitok, mtokee Emali, mvuke barabara kuu mwende Matiliku. Laleni usiku mbili. Chumba kikikosekana, Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni, si mbali. Nunueni kuku hai mchinje wenyewe. Asubuhi wenye magoti mazima wapande Nzaui, jabali ambalo wazee wa Kikamba husimulia kuwa ndipo Mungu alipowateremsha mtu na mkewe wa kwanza; wasiopanda wale maembe, kwani Desemba ni msimu, na Makueni ni nchi ya maembe. Jumla haifiki kilomita 1,000, na siku nne kati ya saba hakuna safari ndefu.

Nitaambiwa kwamba gari la kukodi ni ghali, basi lazima tuone kila kitu. Kwani mafuta ya kilomita 2,000 hutolewa bure? Na Ngorongoro yataka safari yake peke yake, ianzie Arusha.

Siku ya saba msichelewe. Emali hadi Mombasa ni yapata kilomita 360. Tokeni Matiliku saa moja asubuhi, mnywe chai Mtito Andei, na Voi mkusanye adhuhuri na alasiri. Baada ya Mariakani malori huwa mengi, kwa hiyo jiachieni saa moja ya ziada. Mtaingia Changamwe jua lingali juu.