Binti aliyerudi nyumbani na mtoto: mlango wa chuo bado uko wazi

Zipo nyumba ambazo neno shule halitajwi tena. Binti alikuwa kidato cha pili, akapata ujauzito, akaacha masomo. Mtoto amezaliwa na sasa anatambaa, lakini mazungumzo hayajarudi. Baba bado ana hasira. Mama anaona aibu kwa majirani. Binti mwenyewe amegeuka mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya wazazi wake: anachota maji, anafua, anapika, na wageni wakija anaingia chumbani.

Mzazi anaweza kudhani kwamba muda utamaliza jambo hili. Muda haulimalizi. Kila mwaka unaopita, binti anazidi kuamini kwamba habari zake zimekwisha, na mtoto wake anakua akimwona mama asiye na kauli ndani ya nyumba. Hapo ndipo mwanaume yeyote anayeahidi kumpangia chumba anapoonekana mkombozi, na mimba ya pili huja kabla ya ya kwanza haijasahaulika.

Novemba 2021, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Wapo waliorudi. Lakini si kila binti anaweza kuvaa tena sare na kukaa na watoto aliowaacha nyuma madarasa mawili. Mwingine ananyonyesha. Mwingine umri umesonga. Kwa hao iko njia nyingine ambayo wazazi wengi wanapita mbele ya geti lake kila siku bila kujua kilichomo ndani: Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Vyuo vilivyoanza kwa ajili ya watu wa kawaida

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Mwalimu Julius Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Uswidi, ambako mtu mzima angeweza kurudi darasani bila kuulizwa kwanza alifeli lini. Tanzania wakati huo ilikuwa katikati ya kampeni kubwa ya kufuta ujinga, baada ya 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu walikuwa wamejua kusoma na kuandika. Ilibidi wapate pia mahali pa kujifunza kazi.

Leo vyuo vya Serikali vya aina hii ni zaidi ya 50, na viko chini ya Wizara ya Elimu. Kipo Arnautoglu jijini Dar es Salaam, Bigwa mjini Morogoro, Ikwiriri wilayani Rufiji, Sengerema mkoani Mwanza, Newala mkoani Mtwara, na vingine vingi vilivyo karibu na vijiji kuliko miji. Hufundishwa ushonaji, uashi, useremala, umeme wa majumbani, ufundi magari, upishi, kilimo na mifugo, kutegemea chuo. Zipo kozi ndefu za miaka miwili na zipo fupi za miezi au wiki kadhaa.

Kwa binti mwenye mtoto, mpango wa kuulizia kwa jina ni Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa katika vyuo hivi pamoja na shirika la Karibu Tanzania, KTO. Mpango huu ulilenga wasichana waliokatisha sekondari, wakiwemo waliozaa. Binti anaweza kusoma masomo ya sekondari kwa miaka miwili, akafanya Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kama QT, kisha mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Sambamba na hayo anajifunza ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha. Vyuo viliweka pia sehemu za kulelea watoto, ili mama awe darasani na mtoto awe jirani.

Faida tatu, si moja

Mzazi akisikia chuo cha ufundi huwaza cherehani na cheti. Hiyo ni faida ya kwanza, nayo ni kubwa. Lakini anayewajua mabinti hawa anajua kwamba kilichopotea nyumbani hakikuwa ufundi peke yake.

Faida ya pili ni kujiamini, na hakuna semina inayoweza kumpa mtu kitu hiki kwa siku moja. Binti aliyeambiwa miaka miwili kwamba ameiaibisha familia hawezi kusimama mbele ya mteja na kutaja bei. Atataja shilingi elfu tano kwa kazi ya elfu kumi na tano, na bado aombe radhi. Kujiamini kunarudi polepole: ukuta alioupandisha mwenyewe unapokaa wima, taa aliyoiunganisha inapowaka, gauni alilolikata linapomkaa mwenzake vizuri. Ni vitu vya kushikika, na hakuna ndugu anayeweza kubishana na taa iliyowaka.

Faida ya tatu ni watu. Nyumbani anajiona peke yake duniani. Chuoni anawakuta wenzake kumi wenye watoto mgongoni, na mmoja wao alipitia makubwa kuliko yake. Wanapeana zamu, wanaazimiana kanga, wanaamshana usiku kusoma. Wakimaliza, hao ndio wa kuambiana kwamba kuna tenda ya sare za shule mahali fulani, au kwamba fundi mmoja mjini anatafuta msaidizi. Kazi nyingi hupatikana kwa mtu kukutaja, na aliyefungiwa ndani hatajwi na yeyote.

Mambo ya kuamua kabla ya kwenda

Kwanza, chuo kitembelewe. Mzazi afike mwenyewe na binti, waone karakana, waulize ada na michango yote, kama kuna bweni, mtoto anapokelewa akiwa na umri gani, nani anamlea mchana, na akiugua inakuwaje. Waulize pia chuo kimesajiliwa na nani na cheti chake kinatambuliwaje. Maswali haya yanafaa zaidi kwa vituo vya mtaani vinavyoahidi ufundi kamili kwa mwezi mmoja.

Pili, fani achague binti. Wazazi wengi humsukuma kwenye ushonaji kwa sababu ni kazi ya wanawake. Mtaa wenye mafundi cherehani wanane hauhitaji wa tisa. Mtaa huohuo unaweza kuwa hauna mwanamke anayefunga umeme, ingawa akina mama wengi wangependa fundi wa kike aingie ndani kwao. Wapite sokoni pamoja, wahesabu nani anafanya nini, ndipo waamue.

Tatu, suala la mjukuu lisiachwe lijiamue. Swali la binti huwa moja: "Mama, nani atabaki na mtoto?" Likijibiwa kwa mguno, binti ataanza masomo na kuyaacha mtoto atakapopata homa ya kwanza. Bibi aseme wazi siku anazoweza na asizoweza. Baba wa mtoto, kama anajulikana, aitwe na familia mbili zikae, kwa sababu maziwa na dawa havisubiri mama ahitimu.

Nne, baba wa nyumba azungumze. Hasira yake inaeleweka; alilipa ada, alikuwa na matumaini. Lakini binti anasubiri neno lake kuliko la mtu mwingine. Haihitajiki hotuba. "Mwanangu, kesho tunakwenda kuulizia chuo" inatosha kuvunja ukimya wa miaka miwili.

Siku ya mahafali si mwisho

Familia nyingi hukosea hapa. Zinashona sare, zinapika pilau ya mahafali, kisha binti anarudi kwenye chumba kilekile na cheti kinawekwa chini ya godoro. Fundi asiye na vifaa husahau alichojifunza.

Vifaa vianze kutafutwa akiwa bado anasoma. Familia inayocheza mchezo au iliyo kwenye VICOBA inaweza kumtengea zamu moja. Wenzake wa chuoni wakijiunga kikundi, wanaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye, na usajili wa kikundi huchukua muda, hivyo waanze mapema.

Na kama binti tayari anajua kazi, kwa mfano amesuka au amepika kwenye mgahawa kwa miaka kadhaa, pengine hahitaji kuanza darasa la mwanzo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi hupimwa akiwa kazini, huelekezwa palipopungua, kisha hupewa cheti.

Wapo watakaokwenda na kurudi njiani. Mtoto ataugua, nauli itakosekana, mchumba atakataza. Mzazi asilichukue hilo kuwa uthibitisho kwamba alisema kweli tangu mwanzo. Aulize kilichotokea na arudi chuoni kuuliza kama nafasi ipo muhula ujao.

Mjukuu anayetambaa leo ataanza darasa la kwanza baada ya miaka michache. Siku hiyo mwalimu atauliza mama anafanya kazi gani. Jibu lake linaanza kuandaliwa sasa, na la kwanza la kufanya ni kujua chuo kilicho karibu kinapokea maombi lini.