Ukumbi wa madiwani uanzie kwenye benchi la wananchi

Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Dodoma

YAH: UKARABATI WA KUMBI ZA MABARAZA YA MADIWANI

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi sana kwa niaba ya wakubwa zangu. Leo naiandika kwa niaba yangu mwenyewe, nikiwa mstaafu. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mwandishi wa mihtasari ya Baraza la Madiwani, yule anayekaa pembeni ya meza kuu na daftari lake na kinasa sauti, asiyekumbukwa na mtu mpaka siku muhtasari unapothibitishwa na diwani akasimama kukana maneno yake. Siku hizi nikienda barazani naketi nyuma, kwenye viti vya wananchi. Ukiwa huko nyuma, ukumbi ule ule unakuwa ukumbi mwingine.

Nakuandikia kwa sababu katika halmashauri zetu 184 kuna hamu kubwa ya kuzifanya kumbi ziendane na wakati. Bunge lilipoanza kuachana na makabrasha ya karatasi na kugawa vishikwambi mwaka 2019, mabaraza nayo yakaanza kutamani. Hamu hiyo naielewa. Kabrasha la kikao kimoja cha robo mwaka, lenye taarifa za kata, mihtasari ya kamati za kudumu na taarifa ya mapato na matumizi, hufika mamia ya kurasa, na sisi wa chini ndio tuliokuwa tukikesha tukilidurufu. Atakayeokoa karatasi zile na usingizi ule nitamwombea dua.

Ninachoomba ni kimoja. Ofisi yako iagize kwamba ukarabati wowote wa ukumbi wa baraza uanzie kwenye viti vya wananchi na njia ya kuvifikia, ndipo uende meza kuu. Mambo leo yanakwenda kinyume. Mchoro unaanza na kiti cha Mstahiki Meya, unafuata viti vya madiwani, kisha skrini, maiki na viyoyozi. Wananchi wanapewa nafasi iliyobaki, na wale wenye ulemavu wanakumbukwa wakati rangi imeshakauka.

Katiba, katika Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria za mwaka 1982 zilizounda mamlaka zetu za wilaya na za miji zinataka mikutano ya baraza iwe ya wazi. Baraza likitaka kujifungia, linageuka kuwa kamati, wageni wanaombwa watoke, na mtu kama mimi anaandika hivyo kwenye muhtasari. Sasa fikiria ukumbi ulio ghorofa ya pili katika jengo lisilo na lifti. Kwa mama anayetumia kitimwendo, kikao hicho kimefungwa, ila hakuna aliyetoa hoja wala aliyeunga mkono. Na huenda siku hiyo ajenda ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo mbili kati yake ni za watu wenye ulemavu. Fedha zinazomhusu yeye zinajadiliwa juu, naye yuko chini na mlinzi wa geti.

Najua jibu ambalo huwa tunalitoa: "Atabebwa." Nasi ni watu wema, kweli tunabebana. Lakini kumbeba mtu mzima mbele ya watu, sketi ikipanda na viatu vikidondoka, halafu umtarajie asimame kuhoji kwa nini zahanati ya kata yake haijaisha, ni kumvunja nguvu kabla hajafungua mdomo. Miaka ya 1990, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, George Lane, aliyekuwa akitumia kitimwendo, aliitwa mahakamani kujibu mashtaka. Chumba cha mahakama kilikuwa ghorofani na lifti haikuwapo. Akatambaa ngazi zote mpaka juu. Shauri lilipoitwa tena alikataa kutambaa, akakataa na kubebwa na maofisa. Akakamatwa kwa kosa la kutohudhuria. Alilishtaki jimbo, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba alikuwa na haki ya kulishtaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Sioni sababu ya kungoja mtu wetu naye atambae.

Njia ya mteremko si jambo gumu, ila inataka hesabu, na hesabu ndiyo inayorukwa. Kanuni inayotumika mahali pengi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu. Jengo lenye ngazi nne za sentimita 15 kila moja linahitaji mteremko wa mita 7.2. Nimewahi kuona mteremko wa zege uliomiminwa haraka kabla ya ujio wa mgeni rasmi. Ulikuwa wima kiasi kwamba hata kijana wa kusukuma toroli asingeuthubutu. Kwenye taarifa ya utekelezaji uliandikwa "umekamilika."

Niseme kuhusu sauti kwa kirefu kidogo, maana hilo ndilo nililoishi nalo.

Kumbi zetu nyingi zina sakafu ya vigae, kuta za plasta, madirisha makubwa ya vioo na dari ya jipsamu. Kila kitu humo ni kigumu, na sauti ikigonga kigumu inarudi. Meza kuu hawalioni tatizo kwa sababu diwani anazungumza akiwatazama wao. Wananchi wako nyuma ya mgongo wake. Wanachopata ni mwangwi, na juu ya mwangwi huo feni, na umeme ukikatika, jenereta. Dawa inayotolewa siku zote ni spika mbili kubwa mbele, zifunguliwe mpaka mwisho. Matokeo yake ni kelele nyingi na maneno machache. Nimerudia kanda ya kikao usiku, masikio yote mawili yakiwa kazini, nikashindwa kujua kama diwani alisema "tusipitishe" au "tusisitize." Mzee ambaye masikio yake yamechoka atafanyaje?

Dawa ya kweli ni spika ndogo nyingi, kila moja karibu na msikilizaji na kwa sauti ya chini. Ukumbi wa Baraza la Makabwela la Uingereza, uliopigwa bomu Mei 1941 na kufunguliwa upya mwaka 1950, una spika ndogo ndani ya migongo ya viti na maiki zinazoning'inia kutoka juu. Ndiyo maana baadhi ya wabunge wao huonekana wamelala. Wameegemea ili wasikie. (Wengine wamelala kweli, kama kwetu.) Mapazia mazito, zulia na mbao zenye matundu kwenye kuta za nyuma hunyonya mwangwi, na vyote hivyo hutengenezwa na mafundi tulionao mitaani.

Kuna pia waya unaozungushwa ukumbini, chini ya sakafu au ukutani, unaorusha sauti ya maiki moja kwa moja kwenye shimesikio yenye swichi ya T. Anayevaa shimesikio ya aina hiyo anasikia msemaji bila feni wala jenereta. Ukitandazwa kabla ya vigae ni kazi ndogo. Baada ya vigae ni kubomoa, na hakuna mkurugenzi atakayesaini kubomoa alichokizindua juzi.

Maiki za mezani zenye kitufe, zinazoruhusu mmoja tu kuzungumza, zingenisaidia mimi, zingemsaidia mkalimani wa lugha ya alama, na zingewanyamazisha wale wanaosema "mimi sauti yangu inatosha, sihitaji maiki." Na kuna jambo lisilodai hata shilingi: mwenyekiti wa kikao amtaje kila msemaji kwa jina na kata kabla hajaanza. Kwa asiyeona, mjadala wa barazani bila majina ni sauti zinazogombana gizani.

Mkalimani naye ana mahitaji yake, na si kumsimamisha tu kona yoyote ya ukumbi. Mikono yake iangukiwe na mwanga, nyuma yake pasiwe na dirisha wala skrini inayowakawaka, na viziwi waketi mahali wanapomwona yeye na msemaji kwa pamoja. Wawe wawili, wapokezane kila baada ya nusu saa au chini yake, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono. CHAVITA, chama cha viziwi, wanajua haya kuliko mshauri yeyote mwelekezi. Waulizwe wakati mchoro bado ni wa penseli.

Nije kwenye vishikwambi, ambako nadhani tutajidanganya zaidi. Kilichokuwa kikifanyika, na bado kinafanyika mahali kadhaa, ni kuchapa taarifa, kuisaini, kuigonga mhuri, kisha kuiskani na kuituma. Kinachofika kwenye kishikwambi ni picha ya karatasi. Programu zinazowasomea wasioona mara nyingi haziwezi kuisoma picha hiyo. Kwao ni ukurasa mtupu. Diwani asiyeona, au mwandishi wa habari asiyeona, anakuwa pale pale alipokuwa wakati wa makabrasha, ila sasa amekabidhiwa na chaja. Faili litumwe kama maandishi, vichwa vya habari vikiwa vimewekwa alama, na ukurasa wenye saini ufuate peke yake nyuma. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja ya kumfundisha karani. Nakala za nukta nundu na za maandishi makubwa ziwepo kwa anayeziomba mapema.

Skrini kubwa sina ugomvi nayo, ila nani aliamua kuwa jedwali lote la bajeti, safu zote na mafungu yote, litupwe ukutani kwa mpigo mmoja? Hata mweka hazina mwenyewe huwa anakodoa macho. Mtu mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu na mwanga mkali humuumiza, akikalishwa kutazama skrini yenye dirisha la vioo pembeni, kwake imezimwa.

Na meza kuu? Nayo kwa kawaida ina jukwaa lenye ngazi mbili tatu, bila mteremko. Aliyeichora aliamini kwamba Meya hatakuja kuwa mtu wa kitimwendo. Nchi hii ilishamchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo. Ummy Nderiananga, aliyepata kuongoza shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA, akawa Naibu Waziri. Jukwaa lisilopandika linasema jambo ambalo wapiga kura hawajalisema. Kura nayo ina kikwazo chake: kila mwaka madiwani humchagua Naibu Meya kwa kura ya siri. Diwani asiyeona bado humnong'oneza mtu amwandikie. Tume ya Uchaguzi ina vifaa vya nukta nundu vya kumwezesha asiyeona kupiga kura mwenyewe. Baraza linaweza kukata kifaa kama hicho kwa kadibodi.

Kuhusu kamera na matangazo ya moja kwa moja, nitasema kifupi. Yawepo, lakini yasiwe kisingizio cha kumwacha mtu nyumbani. Bando ni ghali. Sauti peke yake, kupitia redio jamii au faili dogo la kupakua baada ya kikao, itawafikia wengi kuliko video. Tangu Januari 2016, matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalipositishwa, tunajua kinachoonyeshwa kinaweza kuzimwa na aliyeko juu. Mlango wa ukumbi ni mgumu zaidi kuzima.

Nitaambiwa majengo mengine ni ya kihistoria. Ni kweli. Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, ulikokaa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika na ambako Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa Rais mwaka 1962, hauguswi kwa nyundo ya haraka. Majengo ya namna hiyo yanataka mbunifu mvumilivu, na pengine mlango wa pembeni ugeuzwe kuwa mlango mkuu wa wote, Meya akiwemo, ili pasiwepo wa mbele na wa uani.

Nitaambiwa pia fedha hakuna. Halmashauri yenye mapato madogo ianze na mlango, mteremko, choo ambacho kitimwendo kinaingia na kugeuka, na sauti. Skrini isubiri. Kama hata hayo hayawezekani ghorofani, kikao kihamie chini, kwenye bwalo la shule ikibidi, mpaka yawezekane. Madiwani hawatalipenda hilo, nami nalitaka kwa sababu hiyo hiyo: kero ikiwa ya wote, bajeti hupatikana haraka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, waraka wako ukitoka, naomba uwe na kifungu hiki: mkandarasi, au fundi wa fosi akaunti, asilipwe malipo ya mwisho mpaka kifanyike kikao kimoja cha majaribio. Waalikwe wanachama wa CHAVITA, wa Chama cha Wasioona na wa CHAWATA, chama cha watu wenye ulemavu, walioko wilayani. Waje wenyewe, waingie wenyewe, wakae nyuma, wasikilize ajenda moja ya kweli, waende chooni, watoke. Kisha wao, wala si mhandisi, ndio wasaini hati ya kukamilika kwa kazi. Kuandika muhtasari wa kikao hicho nitajitolea, bila posho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa mihtasari mstaafu

Nakala:
Mameya na Wenyeviti wa Halmashauri wote
SHIVYAWATA
Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi