Kumtambua Mwongozaji Si Kumwelewa

Kila Ijumaa jioni chama chetu cha filamu hapa chuoni, Kampala, huwa na mchezo. Picha moja hutolewa katika filamu fulani na kuonyeshwa ukutani, na wa kwanza kumtaja mwongozaji hupata alama. Kila kitu kimepangwa katikati kama kimepimwa kwa rula, na kuta ni za waridi? Wes Anderson. Mwanamume mnene mwenye suti anapita nyuma ya wahusika? Alfred Hitchcock, amejiingiza katika filamu yake mwenyewe. Kamera iko chini, karibu na sakafu ya nyumba ya Kijapani? Yasujiro Ozu. Muhula uliopita mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa mchezo huo. Leo naandika kuupinga.

Naupinga kwa sababu unatufundisha kumjua mtu kwa kanzu yake, kisha tukajisifu kwamba tumezungumza naye. Nakiri kosa langu: nilijipatia alama kwa picha za Tokyo Story, filamu ya Ozu ya mwaka 1953, kabla sijaitazama hata kwa dakika kumi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini kamera imewekwa chini. Mchezo wetu hauna swali hilo.

Aliyeniuliza ni mama. Wakati wa likizo nilikwenda nyumbani Busia, mpakani, baada ya miezi minane ya kumwambia "nitakuja wiki ijayo." Usiku mmoja tuliketi mkekani, nikaifungua filamu hiyo kwenye kompyuta na kumtafsiria mazungumzo kwa Kiswahili, kama wafanyavyo VJ katika vibanda vya video. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Wazee wawili wanatoka mji wa Onomichi kuwatembelea watoto wao Tokyo. Mmoja ni daktari, mwingine ana saluni, na wote wana shughuli nyingi. Wazee wanapelekwa hotelini Atami ili wasiwe mzigo. Anayewapa muda wake ni Noriko, mke wa mtoto wao ambaye hakurudi kutoka vitani.

Katikati ya filamu mama akasema, "Huyu mpiga picha amekaa chini na wenye nyumba. Sasa watu wametoka chumbani, yeye bado yumo. Anamngoja nani?"

Sikuwa na jibu, ingawa nilikuwa bingwa. Mama hakuwahi kulisikia jina la Ozu, lakini aliona kile ambacho mimi nilikuwa nakihesabu tu: kamera ile hukaa pamoja na wanaobaki. Ndiyo maana haimkimbilii anayeondoka, na ndiyo maana hutulia kwenye chumba kitupu. Mwishoni, mzee alipobaki peke yake baada ya mkewe kufa, mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea kutafsiri.

Najua wenzangu watajibu kwamba kutambua ni hatua ya kwanza ya kuelewa. Sikatai. Lakini hatua ya kwanza isiyofuatwa na ya pili ni kusimama tu. Tazameni jinsi watu walivyomwiga Anderson kwa simu zao: kamera katikati, rangi laini, mtu anatazama mbele bila kucheka. Alama zote zipo, ila hakuna lililosemwa. Kama alama zingekuwa ndiyo sanaa, kila mwenye simu angekuwa Anderson.

Tena, mchezo huu unawanyima haki wengine. Tunapopaza sauti "Ozu!", hatumtaji Yuharu Atsuta aliyeshika kamera ya Tokyo Story, wala Kogo Noda aliyeandika naye hadithi hiyo. Mtindo tunaoupa jina moja ulijengwa na mikono mingi.

Walimu wangu wa Kiswahili, nanyi msijitoe. Ugonjwa huu tumeupata darasani. Tunapewa shairi, tunapigia mstari takriri na tashbihi, tunaziandika majina, tunapata alama. Ni mara chache tunaulizwa takriri ile inamfanyia nini msomaji, na kwa nini mshairi alirudia neno lile, asirudie jingine. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada akiwa hodari wa kuorodhesha tamathali, na asiguswe na shairi hata moja.

Sisemi mchezo uvunjwe. Nasema ubadilishwe. Anayetaja jina apate alama moja. Anayeeleza kazi ya kamera katika picha ile, hata kama hajui jina, apate tatu. Kwa hesabu hiyo mama yangu, muuza nyanya wa Busia, angenishinda vibaya, na angestahili.