Mbwa mkali au mbwa anayeendana na nyumba yako?

Geti la nyumba mpya likishafungwa, wazo linalofuata kwa familia nyingi za Dodoma ni mbwa. Iyumbu, Nzuguni na kwingineko pembezoni mwa jiji kumejaa nyumba zilizojengwa tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, na bado kuna viwanja vya jirani ambavyo ni vichaka vitupu. Baba yuko Mtumba kazini, mama yuko dukani, watoto wako shule. Simu inapigwa kwa muuza mbwa. Swali la kwanza ni bei, la pili ni kama mbwa ni mkali.

Lisiloulizwa ni hili: mbwa huyo anahitaji kukimbia kiasi gani kwa siku, na nani hapo nyumbani atakayetoka naye?

Chukua German Shepherd, ambaye ndiye anayetafutwa zaidi. Jamii hiyo ilianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899, na kazi yake ya asili haikuwa kulinda geti. Alikusudiwa kutembea na kondoo kutwa nzima, akisikiliza amri za mchungaji na kuzuia kundi lisiingie kwenye mashamba ya watu. Polisi wanampenda kwa sababu hiyohiyo: anafundishika na hachoki haraka. Sasa mfunge mbwa huyo mnyororo wa mita mbili chini ya mwarobaini, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, uone.

Atachimba mashimo. Atatafuna ndala, bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo. Atabweka kila bodaboda inapopita, hadi majirani waanze kununa. Usiku akifunguliwa anaruka kama kichaa, na wa kwanza kuangushwa ni mtoto wa miaka mitano. Mtoto analia na kukimbia, mbwa naye anamfukuza, maana kwake kinachokimbia ni mchezo. Baba anachukua fimbo. Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo mbwa anakuwa mkali kweli, lakini kwa watu wa nyumbani.

Huo si ukaidi wala tabia mbaya ya kuzaliwa. Ni nguvu ambazo hazikupewa kazi. Na hadithi hiyo huishia pabaya: mbwa anapakiwa kwenye gari na kuachwa nje ya mji, anazurura bila chanjo, na watoto wa kijiji kingine ndio wanaokutana naye.

Kuna jaribio rahisi la kufanya kabla ya kununua. Kwa wiki moja, familia iishi kana kwamba mbwa tayari yupo. Mtu mmoja aamke saa 11 na nusu alfajiri atembee nusu saa, na mwingine afanye hivyo jioni jua likishapoa. Mchana wa Dodoma haufai. Ardhi inaunguza, na kama kiganja cha mkono hakivumilii kukaa chini, nyayo za mbwa nazo hazivumilii. Nyumba yenye vijana wanaokimbia mazoezi kila asubuhi itaimaliza wiki hiyo bila shida, nayo inaweza kuchukua mbwa mwenye nguvu. Ikifika Alhamisi na wote wamelala, bora watafute mbwa mtulivu.

Mtulivu anapatikana wapi? Mara nyingi ni mbwa wa kienyeji, anayedharauliwa bure. Analizoea jua, manyoya yake ni mafupi, na hubweka mgeni akisogea, jambo ambalo kwa ulinzi wa nyumbani linatosha kabisa. Ila si wote wanafanana. Mbwa anayetoka kwa wafugaji wa Bahi au Chamwino, aliyezaliwa na wazazi wanaofuata mbuzi malishoni kutwa, anaweza kuwa na miguu ya safari kuliko huyo wa Ujerumani. Kwa hiyo atazamwe mama yake. Mama akiwa anamkaribia mgeni, ananusa kisha anarudi kulala kivulini, kuna matumaini.

Watoto wa mbwa nao watazamwe zaidi ya siku moja, maana aliyeshiba na kusinzia leo anaweza kuwa moto kesho. Anayeng'ang'ania kamba za viatu bila kuacha ni wa familia yenye muda. Anayejificha pembeni akitetemeka hafai nyumba yenye kelele za watoto. Mbwa mwoga huuma. Wa katikati, anayekuja, anacheza kidogo na kutulia, ndiye wa kuchukuliwa, na asichukuliwe kabla ya wiki nane.

Lakini kwa wazazi wanaoshinda kazini, mbwa mkubwa wa miaka miwili au mitatu ni chaguo bora kuliko mtoto wa mbwa. Tabia yake inaonekana tayari. Mtoto wa mbwa anataka kulishwa mara tatu au nne kwa siku, anakojoa kila mahali, anauma vidole, na kazi hiyo yote humwangukia dada wa kazi ambaye hata hakuulizwa kama anapenda mbwa. Aulizwe. Yeye ndiye atakayeshinda naye.

Vile vimbwa vyeupe vya manyoya marefu ambavyo watoto huviona kwenye simu havihitaji mbio nyingi, ila kwa vumbi la hapa vinataka kuchanwa karibu kila siku. Wale wenye pua bapa hupumua kwa shida kwenye joto.

Yeyote atakayechaguliwa, achanjwe kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata ataelekeza. Mtoto aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.