Dhahabu Haikumtosha Egonu

Jamani vijana wenzangu, tuache kudanganyana. Kila mara naona mtu anashea picha ya Paola Egonu wa voliboli, chini ameandika: "Jitume tu, watakukubali." Nani kasema?

Huyu dada kazaliwa Italia kwenyewe, mji wa Cittadella, 1998, wazazi Wanijeria. Uraia kaupata akiwa na miaka 14, baba yake alipoupata. Mwaka 2022, ametoka tu kushinda shaba ya dunia, akasema kwa uchungu kuwa bado watu wanauliza kama yeye ni Mwitalia. Agosti 2024 kule Paris, Italia ikaipiga Marekani seti 3-0, na yeye akawa mchezaji bora wa mashindano. Akachorwa ukutani Roma. Siku chache tu, mtu akaja na rangi ya pinki, akaipaka ile ngozi yake nyeusi.

Sasa mlitaka apate pointi ngapi tena?

Sisemi tusijitume. Tucheze, tusome. Ila kuwa mtu wa mahali si zawadi ya washindi. Kama bingwa wa Olimpiki anapakwa rangi, yule mtoto wa benchi je? Naye ana haki. Tudai haki, siyo makofi.