Sumo ya Ridhaa: Shirikisho Limtumikie Nani?

Sumo, mieleka ya jadi ya Japani, ina mamlaka mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Chama cha Sumo cha Japani husimamia sumo ya kulipwa, hakigawi wanamieleka kwa uzani, na hakimruhusu mwanamke kukanyaga dohyo, yaani ulingo wa udongo ambao katika mila za Shinto huhesabiwa kuwa mahali patakatifu; ndiyo maana mwaka 2018, meya wa Maizuru alipoanguka ulingoni, wanawake waliopanda kumpa huduma ya kwanza walitangaziwa washuke, na baadaye mwenyekiti wa chama akaomba radhi. Mamlaka ya pili ni Shirikisho la Kimataifa la Sumo, lililoundwa mwaka 1992, ambalo husimamia sumo ya ridhaa, ile isiyochezwa kwa ujira.

Shirikisho hilo, likiwa na shabaha ya kuingia Olimpiki, liliweka madaraja ya uzani na kuanzisha ubingwa wa dunia wa wanawake mwaka 2001. Mashindano yake yamefika Estonia na Mongolia, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inalitambua, ingawa sumo haijapata nafasi katika michezo yenyewe. Hata hivyo, makao yake yamebaki Tokyo. Wanaotetea hali hiyo husema kwamba huko ndiko liliko chimbuko la ufundi na nidhamu ya mchezo, hoja ambayo ina uzito, lakini umahiri wa kufundisha mchezo hauthibitishi haki ya kuuamulia peke yako.

Suala la msingi ni nani anayelitegemea shirikisho. Kwa mwanamume, sumo ya ridhaa yaweza kuwa ngazi: Osunaarashi wa Misri alianzia huko, akafika daraja la juu la kulipwa mwaka 2013. Ngazi hiyo nayo ni nyembamba, kwa sababu kila kambi ya sumo ya kulipwa huruhusiwa mgeni mmoja tu, na kwa mwanamke haipo kabisa. Kwa hiyo, kwa wanawake wote na kwa wageni walio wengi, sumo ya ridhaa ndiyo mwanzo na ndiyo mwisho. Hao ndio wanaostahili sauti kubwa zaidi katika uteuzi wa viongozi, mafunzo ya waamuzi na mgawanyo wa fedha, hata kama mlango wa Olimpiki hautafunguliwa kamwe.